Kuajiri Watumishi wa Kanisa kwa Huduma za Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Sharika za Tanga

Ukurasa huu ni kwa wazee wa kanisa, wajumbe wa kamati za utumishi na wachungaji wa Tanga mjini na wilaya za jirani, Muheza, Pangani, Mkinga na Korogwe. Sisi tunaouandika ni Walutheri, kwa hiyo mtakuta tunasema usharika na mtaa pale wengine wanaposema parokia, parishi au kigango. Mambo yenyewe hayatofautiani sana. Tunaposema mtumishi tunamaanisha yeyote anayelipwa na kanisa ili ahudumie watu: mwinjilisti, katekista, mtendakazi wa usharika, mwalimu wa watoto. Karani na mlinzi nao wamo, na sababu yake iko huko chini.

Nani anaajiriwa na usharika na nani anapangiwa?

Mchungaji wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hupangiwa kituo na dayosisi. Kwetu ni Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, yenye makao Lushoto. Waanglikana wa huku wako chini ya Dayosisi ya Tanga, ambayo makao yake ni Korogwe, na Wakatoliki wako chini ya Jimbo Katoliki la Tanga. Nao mapadre wao hupangiwa na askofu. Makanisa ya Kipentekoste yana taratibu zao, na mengi yanaliachia kanisa la mahali nafasi kubwa zaidi ya kuchagua.

Kwa hiyo usharika wa kawaida hauajiri mchungaji. Unaajiri wale wanaomzunguka, na hao ndio waumini wanaokutana nao mara nyingi zaidi. Mwinjilisti yuko katikati: mara nyingi usharika ndio unaomlipa, lakini kibali na barua ya kazi vinapitia kwa wakubwa. Kabla ya kutangaza nafasi yoyote, someni katiba ya dayosisi yenu na mzungumze na mkuu wa jimbo (kwetu jimbo ni kundi la sharika ndani ya dayosisi). Mtu akishahamisha familia yake kutoka Handeni, kumwambia kwamba ofisi ya juu haijamkubali ni kumwonea.

Tuanzie wapi? Tuandike tangazo la kazi?

Tangazo lije baadaye. Waiteni kwanza wazee wa mitaa na viongozi wa jumuiya, kila mmoja aje na majina: wagonjwa wasioinuka, wazee ambao hawajafika ibadani tangu mwaka jana, wajane, waliofiwa karibuni, vijana waliopata kipaimara na hawakuonekana tena, ndoa zinazoyumba. Andikeni idadi na maeneo, majina yabaki na wazee wenyewe. Mkimaliza mtaona ni kazi gani inayomsubiri huyo mtu.

Orodha hazifanani. Mtaa wenye wastaafu wengi wa Chumbageni na Raskazone unahitaji mtu wa kukaa na wazee na kupeleka Chakula cha Bwana majumbani kwa kufuatana na mchungaji. Ule wa Pongwe, kwenye viwanda vya saruji na chokaa, una wapangaji vijana wanaofanya kazi kwa zamu. Huko mtumishi anayefanya ziara saa nne asubuhi atakuta milango imefungwa. Kwenye mashamba ya mkonge mambo ni mengine tena. Matangazo mengi tunayoletewa tuyapitie yameiga yaleyale: awe ameokoka, awe na stashahada, awe na uwezo wa kuhubiri. Tangazo la namna hiyo halisemi kazi ni ipi, na atakayekuja atajitungia yake.

Mtu anayefaa huduma za kila siku tunamtambuaje?

Imani na mwenendo ni msingi, hapo hatubishani na mtu. Zaidi ya hapo tunaangalia mambo ambayo hayaonekani madhabahuni.

Anaweza kukaa kimya na mtu anayelia bila kukimbilia kumpa mstari wa Biblia? Anarudi? Ziara ya kwanza kila mtu anaifanya. Ya tatu, wakati mgonjwa hana nafuu na hakuna jipya la kusema, ndiyo inayompima mtumishi. Anakumbuka kwamba mtoto wa yule mama alikuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne? Anaingia nyumba isiyo na kiti akakaa kwenye mkeka bila kukunja uso? Anatunza muda, anaandika, anatoa taarifa kwa mchungaji kabla jambo halijaharibika?

Kisha kuna uvumilivu wa kazi ndogondogo. Kumsindikiza bibi kliniki ya macho. Kukaa ofisi ya serikali ya mtaa kusubiri barua ya kumtambulisha mjane. Kupiga simu kwa ndugu walio Dar es Salaam kuwaambia baba yao hali si nzuri. Mtu anayeona kazi hizi zinamshushia hadhi atazikwepa, hata kama amefaulu usaili kwa alama za juu.

Tumempata kijana anahubiri vizuri mno, kanisa linajaa. Tumwajiri?

Kama nafasi ni ya kuhubiri, ndiyo. Kama ni ya kutembelea watu, mahubiri yake hayajawaambia lolote bado. Hili tunalisema kwa uzito kwa sababu ndiko sharika nyingi zinakoumia: mtu anachaguliwa kwa dakika arobaini za Jumapili, kisha anakabidhiwa kazi ya siku sita nyingine ambayo hakuna aliyemwona akiifanya. Miezi michache baadaye wazee wanaanza kunong'ona kwamba hatembelei, naye anaumia kwa sababu anaamini anafanya kile alichoitiwa.

Wapo wenye vipawa vyote viwili, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Ila msidhani kimoja kinakuja na kingine. Huyo kijana mpeni nafasi ya kuhubiri kwenye semina na mikutano ya injili, na nafasi ya mtendakazi itafutieni mtu wake.

Kwenye usaili tumuulize nini?

Punguzeni maswali ya kupima kama anajua Biblia. Hayo cheti kitasema. Mwombeni asimulie. "Tueleze juu ya mtu uliyemtembelea kwa muda mrefu. Shida ilikuwa nini, ulifanya nini, iliishaje?" Msimkatize. Asiye na mtu wa kumsimulia hajaifanya kazi hii. Sikilizeni pia kama anataja jina la mgonjwa na ugonjwa wake mbele ya wageni kama nyinyi. Akiwatajia ya wenzake leo, kesho atawatajia wengine ya kwenu.

Mpeni na hali za hukuhuku. Mama wa jumuiya anakwambia mumewe anampiga lakini hataki mchungaji ajue. Familia mbili zinagombania mahali pa kuzika, Muheza kwa baba au Tanga mjini. Msichana wa kipaimara ameacha kuja na unasikia ana mimba. Hakuna jibu moja lililo sahihi kwa haya yote. Mnachotafuta ni mtu anayeuliza maswali kabla ya kutoa hukumu, na anayejua mahali uwezo wake unapokoma.

Halafu tokeni chumbani. Usaili wetu wenyewe una sehemu ya pili: mtahiniwa anafuatana na mama mmoja wa kamati kwenda kuona wagonjwa Hospitali ya Bombo, saa za kuona wagonjwa, kwa ruhusa ya muuguzi wa zamu na ya mgonjwa mwenyewe. Mmoja aliingia wodini, akasimama katikati, akaomba kwa sauti iliyojaza chumba kizima, akaaga. Mwingine alimkuta mzee ananyoosha mkono kufikia chupa ya maji juu ya kabati. Akamwinua kichwa taratibu, akamnywesha, ndipo akajitambulisha. Akamgeukia mke aliyeketi chini karibu na kitanda, akamuuliza kama amekula tangu asubuhi na usiku analala wapi. Ombi lake lilikuwa fupi, la sauti ya chini, na ndani yake alitaja jambo ambalo yule mzee alikuwa ametoka kulisema dakika ile. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwenye kofia yake ya vito, aliitikia amina. Mama wa kamati aliporudi hakuwa na haja ya kutueleza sana.

Wadhamini wa kwenye barua wanatosha?

Hawatoshi. Kila mtu anamwandika anayempenda. Pigeni simu kwa mchungaji aliyefanya naye kazi mwisho, hata kama hakuandikwa, mkimwarifu mtahiniwa kwanza. Tafuteni pia mtu aliyehudumiwa naye: mjane au mzee wa jumuiya ile. Muulizeni swali moja tu, "Mlipofiwa, huyu alifika lini, na alirudi lini?" Na jirani wa nyumbani kwake asiye wa kanisa letu mara nyingi ndiye anayejua kama mtu huyu analipa madeni na anazungumzaje na mke wake.

Kwa anayekuja kufanya kazi na watoto, ombeni hati ya polisi inayoonyesha kama ana rekodi ya uhalifu. Inaombwa kwa taratibu za kawaida za Jeshi la Polisi na alama za vidole. Wapo wanaoona ni kumvunjia mtumishi wa Mungu heshima. Tunasema kumlinda mtoto kunakuja kwanza.

Lazima awe na cheti cha theolojia?

Kwa mwinjilisti, dayosisi ina masharti yake ya mafunzo, yafuateni. Kwa mtendakazi wa kutembelea watu, aliyesomea ustawi wa jamii, uuguzi au ualimu anaweza kufaa kabisa, mradi mpange namna ya kumpa mafunzo ya Biblia na ya uchungaji. Mstaafu wa uuguzi aliyelelewa kanisani ni hazina ambayo sharika nyingi zinaikalia bila kuijua.

Mtoto wa mzee wa kanisa ameomba. Tufanyeje?

Aombe kama wengine. Mzazi wake atoke kwenye kikao chote kinachohusu nafasi hiyo, pamoja na kile cha kupanga mshahara, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Mkimchukua kwa haki, siku akikosea mtaweza kumwonya. Mkimchukua kwa undugu, hakuna atakayethubutu, na waumini watajua hivyo tangu siku ya kwanza.

Tanga ina Waislamu wengi. Hilo linahusu vipi uajiri?

Linahusu sana, na ajabu ni kwamba matangazo ya kazi hayaligusi. Huku ukoo mmoja una Daudi Mkristo na ndugu yake Mwislamu, Daud. Shangazi anakwenda kanisani na wajomba wanakwenda msikitini. Mkristo akifariki Ngamiani, wanaopanga viti, kuchota maji na kuchangia ni majirani, na wengi wao ni Waislamu. Mtumishi anayefika pale na kuanza kuwashambulia kwa maneno ya mahubiri amewaumiza wafiwa na ameharibu ujirani wa miaka.

Kwa hiyo muulizeni: umewahi kuketi kwenye msiba wa Kiislamu? Utavaaje? Anajua kwamba wenzetu huzika mapema, kwa hiyo jirani akifiwa mkono wa pole hausubiri kesho? Mwezi wa Ramadhani atapanga ziara zake vipi kwenye nyumba zenye mchanganyiko, asifike wakati watu wanafuturu wala asikubali kuandaliwa chakula cha mchana mbele ya waliofunga? Mtu wa Tanga aliyelelewa uswahilini anayajua haya bila kufundishwa. Anayetoka mbali anaweza kujifunza, ila apewe mwenyeji wa kumfundisha miezi ya mwanzo.

Lugha nayo. Kiswahili kinatosha mjini, lakini bibi mgonjwa hurudia lugha yake. Anayejua Kisambaa, Kibondei, Kizigua au Kidigo ana mlango wa kuingilia ambao wengine hawana. Liandikeni kwenye tangazo kama jambo la ziada, lisiwe sharti.

Tunaweza kumwajiri mwanamke kwa kazi ya kutembelea?

Mnaweza, na kwa orodha nyingi tulizoziona mnapaswa. Wanaokaa na wagonjwa majumbani wengi ni wanawake, na mambo ya uzazi, ya ndoa na ya kupigwa hawatamwambia mwinjilisti mwanamume hata awe mpole namna gani. Jambo la kupanga ni usalama wake: ziara za jioni awe na mwenzake, nauli ya bodaboda ya kumrudisha iwe kwenye bajeti, na akiwa na ziara ya kwa mwanamume anayeishi peke yake aende na mzee wa mtaa. Kanuni hiyohiyo iwahusu wanaume wanaotembelea wanawake.

Mke wa mchungaji anafanya kazi hizi tayari. Si anatosha?

Mke wa mchungaji hajaajiriwa na usharika. Akijitolea, ashukuriwe, na awe na uhuru wa kusema leo siwezi. Kama anafanya kazi ya mtendakazi kila siku, basi ipo nafasi ya kazi pale. Aiombe kama wengine, apewe mkataba na alipwe. Kuitegemea nguvu yake bure kwa sababu amelala nyumba moja na mchungaji ni dhuluma, hata ikipambwa kwa maneno ya utumishi. Na siku mchungaji akihamishwa, huduma yote mnaihamisha naye.

Kanisa linabanwa na sheria za kazi kama waajiri wengine?

Ndiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtazama mlinzi wa kanisa na mwinjilisti mwenye mkataba kama wafanyakazi. Kila mmoja apewe kwa maandishi maelezo ya kazi yake: cheo, mahali, tarehe ya kuanza, saa, mshahara. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na asifanye kazi zaidi ya siku sita. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo. Mama akijifungua ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Kwa kazi ya kichungaji, saa ndizo zinazotoroka. Msiba hauangalii saa, na Jumapili ni siku ya kazi kwake. Basi wekeni siku yake ya mapumziko kwenye mkataba, Jumatatu kwa mfano, na itangazwe kanisani ili watu wasimpigie simu siku hiyo ila kwa dharura. Mkubaliane nani anashika simu ya dharura wakati wa zamu yake ya kupumzika. Mtumishi aliyechoka huanza kuchukia mlio wa simu, na akifika hapo wagonjwa ndio wanaoumia.

Kwenye fedha: mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni mchango wa mwajiri peke yake. Mtu anayezunguka kwa pikipiki kutwa ana haki ya kulindwa nao. Mshahara ukizidi shilingi 270,000 kwa mwezi, kodi ya mapato inaanza kukatwa. Kima cha chini kinawekwa kwa amri ya serikali na hubadilika, kwa hiyo mwoneni afisa kazi wa mkoa mpate kiwango kinachotumika sasa. Msikopi mkataba wa usharika mwingine wa miaka kumi iliyopita.

Kuhusu dini, sheria inakataza ubaguzi lakini inaruhusu sharti ambalo kazi yenyewe inalidai. Mwinjilisti lazima awe Mkristo, hilo liko wazi. Mlinzi na mtunza bustani si lazima, na zipo sharika zinazolindwa vizuri na walinzi Waislamu.

Hatuna uwezo wa mshahara. Tumpe posho tu, awe wa kujitolea?

Kujitolea ni kujitolea kweli: anachagua siku zake, anarudishiwa nauli, hana bosi wa kumpangia. Mkimpangia saa za kuingia na kutoka, mkamtegemea kila siku na kumlipa kila mwezi, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, hilo litaonekana ni ajira, hata barua yake ikiitwa ya kujitolea.

Ushauri wetu: kama hamuwezi mtu wa siku nzima, ajirini wa nusu siku kwa mkataba safi, au sharika mbili za jirani zigawane mtumishi mmoja kwa makubaliano ya maandishi, mkiainisha nani analipa nini na nani anamsimamia. Kabla hajaanza, wekeni kando mishahara ya miezi mitatu. Januari watu wanalipa ada na bahasha zinapungua. Masika yakikatisha barabara za vijijini matoleo yanayumba. Mavuno yakija yanapanda. Mshahara wake usipande na kushuka na mawimbi hayo. Mtumishi anayekopa dukani kwa sababu usharika haujamlipa anahudumia watu akiwa na aibu, na mwenye duka ni muumini.

Na tafadhali mpeni usafiri. Tanga ni mji wa baiskeli, tambarare, na baiskeli nzuri inafika mahali pengi mjini. Kwa mitaa ya mbali, tengeni nauli kila wiki, mkononi, isiyosubiri kikao.

Tufanye nini kuhusu usalama wa watoto?

Kanuni ziandikwe, asaini kabla ya kuanza. Asikae na mtoto peke yake chumba kilichofungwa. Shule ya Jumapili na mafundisho ya kipaimara viwe na watu wazima wawili. Asiwatumie watoto ujumbe wa faragha kwenye simu. Likitokea la kutia shaka, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Lipo pia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116 ya kupiga bure kwa mambo ya watoto. Wazee wasikae kulimaliza kimyakimya kwa faini na maombi. Mtoto aliyeumizwa hana sauti kwenye kikao hicho.

Siri za waumini zitunzweje?

Hapa ndipo tunapowaomba muwe wakali. Kundi la WhatsApp la usharika likiletewa ujumbe "tumwombee mama fulani, ameanza dozi", mama huyo ameanikwa mbele ya mji mzima, na aliyeandika alidhani anafanya huduma. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongeza uzito kwa kila anayekusanya habari za watu, makanisa yakiwemo. Lakini hata bila sheria, mtu akishasikia mambo yake yamerudi kwake kupitia kwa jirani, hatafungua mlango tena.

Mtumishi awe na daftari lake, aandike tarehe, mahali na hatua inayofuata, si simulizi nzima. Daftari lifungiwe. Maombi ya hadharani yataje tu kile ambacho mwenyewe ameruhusu kitajwe. Na aambiwe mapema mambo gani hawezi kuyaficha: hatari kwa mtoto, na mtu anayesema anataka kujiua.

Akikutana na ugonjwa wa akili au uraibu?

Aombe na familia, na ampeleke mtu hospitali. Vyote viwili, siku ileile. Bombo ni mahali pa kuanzia kwa watu wa mjini, na mkoani kwetu ipo hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi, Korogwe, iliyo chini ya dayosisi yetu. Muulizeni mtahiniwa wazi: ungemwambia mgonjwa wa kifafa aache dawa kwa imani? Akisita kusema hapana, msimchukue. Vivyo hivyo kwa anayetumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu, au dawa za kufubaza virusi. Kazi ya mtumishi ni kumkumbusha dozi, na kukaa na mama yake siku mbaya.

Kwa nini karani na mlinzi mmewaweka kwenye orodha?

Kwa sababu mtu mwenye shida hukutana nao kwanza. Mjane anafika saa mbili asubuhi, mchungaji yuko kikaoni, anayemjibu ni karani. "Mchungaji hayupo, njoo Alhamisi" kunaweza kuwa mwisho wa yeye kuja. Karani anayejua kazi atamwekea kiti, atamuuliza kama ni jambo la kusubiri, ataandika jina na namba, na atahakikisha amepigiwa. Mlinzi naye hukutana na watu usiku, wengine wamelewa, wengine wamefukuzwa nyumbani. Kwenye usaili wao ongezeni maswali hayo, na kwenye semina za huduma msiwaache nje ya mlango.

Miezi ya kwanza isimamiwe vipi?

Wekeni majaribio ya miezi sita, yaandikwe kwenye mkataba. Wiki za mwanzo asiende peke yake. Mzee wa mtaa amtembeze nyumba kwa nyumba amtambulishe, maana huku mgeni asiyetambulishwa hukaribishwa kwa heshima na haambiwi kitu. Kila wiki akae na mchungaji saa nzima, wapitie alikokwenda na kinachomlemea. Saa hiyo isiibiwe na vikao vya ujenzi.

Msimpime kwa idadi ya ziara. Mkimpangia nyumba ishirini kwa wiki atazipata zote, dakika tano kila moja. Katikati ya majaribio, wazee watatu wawatembelee waliotembelewa, wasikilize. Kasoro zikiwepo aambiwe wakati huo, kwa maandishi, na apewe nafasi ya kurekebisha. Kumchekea miezi sita kisha kumwachisha kwa barua ya mistari miwili si haki, wala hakumfundishi chochote.

Akiacha kazi, au tukimwachisha?

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28, na upande wowote ufuate sababu na utaratibu wa sheria. Aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja anaweza kuwa na haki ya kiinua mgongo mkimwachisha, kwa hiyo pateni ushauri kabla ya kuandika barua. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 za kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Siku zile za notisi zitumieni kukabidhiana. Azunguke na mrithi wake, au na mzee wa mtaa kama mrithi hajapatikana, kwenye nyumba za wagonjwa wa muda mrefu, awaage mwenyewe. Arudishe funguo, vyombo vya Chakula cha Bwana vya wagonjwa, na daftari, ambalo mchungaji atalipitia peke yake. Nyumba zenye mgonjwa mahututi au msiba wa karibuni zipewe mtu wa kuzifuata wiki ileile, kabla hata ya tangazo jipya kubandikwa.